Majora ya Meneja

Nangobi alikuwa amekwisha fagia uwanja wa nyuma wa nyumba ya Meneja Mkuu mara mbili asubuhi ile, na mjakaranda ulikuwa ukimwaga majani mengine nyuma yake kana kwamba unamtania. Mke wa meneja hakuwa mtu mbaya, ila hakupenda kuona watu wameketi bure kwenye ngazi zake. Kila aliyekuja kuomba alipewa ufagio, au beseni la vyombo, au mtoto wa kubembeleza. Siku hiyo walikuwa watatu: Nangobi, mzee mmoja mwenye mguu uliovimba, na mjane wa Semei, fundi wa mitambo aliyeuawa vita vilipopita Jinja mwaka uliotangulia.

Bakhit, mlinzi wa lango, alimletea Nangobi chai katika kikombe cha bati.

"Kunywa, mama. Nimetia sukari yangu humo, usimwambie mtu. Sukari siku hizi ni siri ya serikali."

Nangobi alicheka, akanywa polepole ili ile tamu isiishe upesi.

Mwaka ule mshahara ulikuwa jina tu. Mtu alibeba noti zake sokoni kwa kikapu, akarudi na chumvi ya kiganja. Katika kiwanda cha nguo malipo yenyewe yalikuwa nguo. Mfanyakazi alipewa kipande chake wakati wa Idi au Krismasi, kama kilikuwepo. Meneja Mkuu alipewa majora ishirini kila mwezi, na jora moja lilikuwa wari thelathini, jeupe, halijaguswa na mkasi. Aliyekuwa na jora zima aliweza kulibadilisha kwa magunia ya mahindi, kwa mabati, kwa karo.

Ni karo iliyomleta Nangobi. Mjukuu wake Babirye alikuwa amebakiwa na muhula mmoja tu kumaliza shule ya wauguzi Mbale. Askari walipokimbia walibeba hata mashuka ya wagonjwa, na sasa shule ilikubali jora moja jeupe badala ya ada. Muhula baada ya muhula, Bwana Kirunda, meneja mwenyewe, ndiye aliyelitoa.

Alitoka akiwa na fulana, povu la sabuni bado sikioni. Alipomwona Nangobi ameinama, aliteremka ngazi, akamnyang'anya ufagio.

"Mama Nangobi, nimesema mara ngapi? Keti. Muuguzi wetu hajambo?"

"Hajambo, bwana. Shule inafungua mwisho wa mwezi."

"Jora lipo." Akauegemeza ufagio ukutani. "Lakini kesho mna mkutano. Asadu wenu anataka majora yangu yagawiwe watu wote. Wizara imesema kamati ya wafanyakazi iamue. Mimi sikuombi useme lolote, unanisikia? Lolote."

Alisema kweli, hakuomba. Lakini jora pia hakulileta.

*

Babirye alikuwa akipiga pasi sare yake nyumbani Bugembe. Kofia yake nyeupe ilining'inia msumarini, imefunikwa kwa karatasi isiingie moshi wa viazi.

"Umerudi mikono mitupu, Jajja."

"Nimerudi na kesho." Nangobi alivua kandambili, akamweleza yote. "Nikinyosha mkono pamoja na Asadu, jora lako limekwenda. Nisiponyosha, watu watatu tu tutakula kwa bwana yule, wengine watalala njaa wakitutazama."

Babirye aliigeuza sare, akalitia maji kola. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kuyapima kama dawa.

"Umefagia leo?"

"Kidogo."

"Mara ngapi?"

Nangobi alizipanga kandambili zake ukutani. Msichana akaiweka pasi chini.

"Jajja, mimi nataka kofia ile kuliko kitu chochote. Nisikudanganye. Lakini sitaki uifagilie tena."

*

Kesho yake wafanyakazi walikutana kantini, ambako siku hizo hapakupikwa kitu zaidi ya uji. Asadu alipanda juu ya benchi. Alikuwa mtu wa chumba cha rangi, mikono yake ya buluu hadi viwikoni, na alipoinyosha watu wote walitazama juu.

"Ndugu zangu! Mtu mmoja, majora ishirini. Watu mia tatu, vitambaa vya kufutia jasho. Tumbo lake lina milango mingapi?"

Mhasibu wa kiwanda alisimama, akakohoa. "Nimepiga hesabu. Mkigawa majora hayo kwa watu wote, kila mmoja atapata wari mbili. Gauni la gomesi peke yake linataka wari sita na zaidi. Wari mbili mtafanyia nini?"

"Nitafunika matako, bwana!" Nambozo alipaza sauti kutoka nyuma. Alikuwa mfumaji, Mgisu wa Namatala kule Mbale, na mdomo wake haukujua likizo. "Leo hata hayo yako wazi, ila wewe mhasibu hutazami!"

Kantini nzima ilicheka. Hata Bwana Kirunda, aliyeketi kando ya mlango na kofia magotini, alitabasamu akitazama viatu vyake.

Ndipo Nangobi aliposimama. Watu walinyamaza, kwa kuwa alikuwa amefanya kazi katika chumba cha kukunjia tangu kiwanda kikiwa cha Mhindi Vallabh, na wengi wao aliwapokea kazini wakiwa hawajaota ndevu.

"Mnajua kwamba napokea jora kwa bwana huyu. Asiyejua ajue leo. Amenisomeshea mjukuu, na hajaniomba hata yai. Wema wake sitauvua nguo mbele za watu." Alishusha pumzi. "Lakini kila muhula nafagia kwake kabla ya kupewa. Si yeye anayenipa ufagio, na akiniona nao huuchukua. Hata hivyo nafagia. Mjane wa Semei anaosha vyombo. Na jora lenyewe, ninyi mmelifuma, na mimi nimelikunja kwa mikono hii. Sitaki kitu changu kinifikie kwa ngazi za nyuma."

Akanyosha mkono. Mikono mingine ilimfuata mpaka dari halikuonekana.

Kambi ya jeshi haikuwa mbali, na mameneja wa viwanda vingine walikuwa wamewaita maafande kwa mambo madogo kuliko hayo. Bwana Kirunda hakumwita mtu. Alitoa ufunguo wa stoo mfukoni, akauweka mezani. Nangobi aliona kwamba aliugeuza kwanza, ili Asadu aushike kwa upande wa kushikia.

*

Kosa lilifanyika siku ya mgao, tena lilifanyika kwa furaha.

Asadu alipima fimbo ya wari mbili, akasimama na mkasi mkubwa kwenye meza ya kukunjia. Mia tatu walipanga foleni wakiimba. Nangobi alipoona jora la kwanza limefunguliwa na mkasi umepanuliwa, alitoka kwenye foleni.

"Asadu, mwanangu, ngoja. Usilikate. Jora likikatwa si jora tena."

"Mama, haki haina mzima na kipande. Kila mtu akione chake kwa macho, akishike mkononi."

"Lakini tukiyaacha mazima, tukapeana kwa zamu..."

"Zamu!" sauti ilitoka foleni. "Tumeahidiwa zamu tangu uhuru!"

"Kata!" wakaitikia wengine. "Kata!"

Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamedanganywa na kila aliyewaambia wasubiri, na sasa waliamini tu kitu kilicho mkononi. Mkasi ulianza, kisha Asadu akaona kurarua ni haraka zaidi, na sauti ya nguo nzuri ikiraruka ilijaa chumba. Nangobi alipokea chake, akakikunja vizuri.

Kabla jua halijazama, watu mia tatu walikuwa wametembeza vitambaa vya namna moja katika soko moja. Wachuuzi wa Jinja hawakuhitaji kufundishwa. Asubuhi kipande kilipata debe la muhogo, alasiri kilipata kibaba, jioni mchuuzi alisema, "Mama, nacho hiki nifanye nini? Nifunge kidonda?" Waliobaki na vyao walivifunga vichwani. Jumapili ile Bugembe nzima ilitembea na vilemba vyeupe, kama mji uliofiwa.

"Angalau tumependeza," alisema Nambozo, aliyekuja kwa Nangobi na kitambaa chake chini ya kwapa. Alikitupa kitandani juu ya kile cha Nangobi. "Chukua, mukaire, bi mkubwa wetu. Na hiki cha shemeji yangu, na hiki cha Asadu."

"Asadu?"

"Amesema nisikwambie. Nami sijakwambia."

*

Ofisi ya mama mkuu wa wauguzi Mbale ilinukia dawa na chokaa. Bibi Masaba alipokea vitambaa vinne, akavifungua kimoja kimoja, akapitisha kidole kwenye pindo zilizoraruliwa.

"Nyabo, shuka la mshono katikati linamchubua mgonjwa. Mwenye kidonda cha mgongo halali juu ya mshono."

"Najua, mama."

"Nikikupokea wewe kwa vipande, wote wataniletea vipande."

"Najua hilo pia. Sikuja kukulazimisha. Nimekuja ili usidhani tumekukimbia."

Babirye alikuwa amesimama wima kando ya bibi yake. Alivua kofia, akaiweka mezani kabla hajaambiwa. Bibi Masaba aliitazama. Kisha akachukua kitambaa kimoja, akakinyosha mbele ya kifua chake kutoka bega hadi goti.

"Hiki kinatosha kitanda cha mtoto," alisema taratibu. "Kitanda cha mtoto hakitaki mshono. Vinne, vitanda vinne. Basi vimekununulia mwezi mmoja, binti. Utapiga deki wodini na kulala bwenini. Darasani huingii mpaka jora lifike, na mwezi ukipita bila jora nafasi yako inakwenda kwa mwingine." Alifungua mtoto wa meza, akaiweka ile kofia ndani, peke yake, akafunga. "Hapa haitaguswa na mtu."

Nje, Babirye alimshika bibi yake mkono.

"Usilie, Jajja."

"Nani analia? Nafikiri." Na kweli alikuwa akifikiri. Akili yake ilikuwa imerudi Jinja, kwenye meza ya kukunjia.

*

Mgao wa mwezi uliofuata ulipowadia, Asadu alimkuta Nangobi ameketi juu ya majora. Alikuwa amepanda kwenye lile rundo kwa msaada wa kiti, akatandaza nguo yake vizuri, miguu ikining'inia.

"Mama, teremka."

"Siteremki. Atakayekata leo aanze na mimi. Mimi ni mkavu, mkasi utapita bila shida."

Watu walijaa mlangoni. Wengine walicheka, wengine walikasirika.

"Wewe ndiye uliyenyosha mkono wa kwanza!" alifoka mmoja. "Sasa umenunuliwa?"

"Nimenyosha mkono tugawane, sikunyosha turarue. Mwezi uliopita meneja alikosa majora ishirini. Sisi tulipata nini? Yeye kapoteza, nasi hatukupata. Mchuuzi ndiye aliyekula. Niambieni, kwenye kilio tunafanyaje? Wa munno mukabi wote mko hapa."

Wote walijua. Katika munno mukabi, vyama vile vya mazishi, kila jirani huleta alichonacho, kuni, unga, nguo ya kuzikia, na vyote huingia nyumba moja, ile iliyofiwa.

"Tukileta sanda," aliendelea Nangobi, "kuna anayesema tuikate, kila mwombolezaji aende na chake? Inakwenda nzima kwa mwenye msiba, na wewe unarudi mikono mitupu bila kinyongo, kwa sababu unajua siku yako ipo. Basi haya ni hivyo hivyo. Kila mwezi watu ishirini, kila mtu jora zima. Kwa miezi kumi na mitano sote tumepata. Tuvute kwa bahati. Na aliyekufa, zamu yake haifi, inakwenda kwa mjane wake. Mjane wa Semei awemo."

"Miezi kumi na mitano!" Nambozo alishika kichwa. "Mukaire, kwa mwendo huu serikali itakuwa imeanguka mara tatu!"

Kicheko kilipita, lakini nyuma yake kulikuwa na hofu ya kweli, na Nangobi aliisikia. Asadu aliisema.

"Nani atakubali kuwa wa mwisho, mama? Hilo ndilo jambo. Wa mwisho atakuwa mjinga wetu sote."

Nangobi alitazama mikono yake. Alikuwa na wiki moja tu kabla Bibi Masaba hajafungua ule mtoto wa meza. Aliona kofia mle ndani, gizani. Alijua pia kwamba watu hawa hawatamwamini mtu anayewaambia wasubiri huku yeye amesimama mbele.

"Mimi," alisema. "Msinitie kapuni. Niandikeni wa mwisho."

Hakuna aliyecheka. Nambozo, aliyejua habari za Mbale, alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane kiwandani, akaufunga tena. Asadu aliuweka mkasi dirishani.

"Tieni nyuzi kapuni," alisema. "Nyekundu ishirini, ndizo za mwezi huu. Na Bwana Meneja avute pia. Yeye naye ni mtu mmoja."

Walivuta kwa macho yaliyofumbwa. Mjane wa Semei alipata nyekundu, akakaa chini sakafuni palepale. Asadu alipata nyeupe, akalamba midomo. Bwana Kirunda alivuta karibu na mwisho, baada ya wafagiaji. Alipofungua kiganja, uzi ulikuwa mwekundu.

"Ala!" Nambozo alipiga kelele. "Hata bahati inajua nyumba ya tajiri!"

*

Bwana Kirunda alimfuata Nangobi chumba cha kukunjia watu walipotawanyika. Alikuwa amelibeba jora lake begani kama mpagazi, na vumbi la pamba lilikuwa limemwingia kwenye suti.

"Chukua hili, mama. Mpeleke mtoto shule."

Mikono ya Nangobi iliinuka yenyewe. Aliirudisha.

"Hapana, bwana. Asante, lakini hapana."

"Kwa nini? Ni langu, nimelivuta mbele yenu."

"Ni lako kweli. Ukinipa, kesho nitatafuta ufagio, hata usiponipa. Najijua." Alifikiri. "Lakini tunaweza kubadilishana zamu. Watu wa upatu hubadilishana. Wewe unipe zamu yako, mimi nikupe yangu."

Bwana Kirunda alilishusha jora mezani. "Yako ni ya mwisho."

"Ndiyo."

"Mezani kwangu nyumbani kuna watu kumi na wawili. Na kule nyuma kwenye ngazi kila siku yuko mtu." Hakusema kwa hasira, alikuwa anahesabu mambo aliyozoea kuyatimiza. "Unaamini kweli mtafika mpaka huko mwisho?"

"Dakika chache zilizopita nilikuwa mimi wa mwisho, bwana, na mjukuu wangu anapiga deki. Niliamini."

Bwana Kirunda alikung'uta vumbi la pamba begani. Kisha alimwita Asadu, akamwambia abadilishe majina mbele ya macho yake. Asadu aliandika, akatazama kalamu, akaandika vizuri zaidi. Bwana Kirunda mwenyewe alimtwika Nangobi jora kichwani, na Nangobi akatoka nalo kwa lango kubwa la mbele, mlinzi akalifungua pande zote mbili ingawa upande mmoja ungetosha.

Siku mbili baadaye Bibi Masaba alifungua mtoto wa meza.

*

Ilichukua zaidi ya miezi kumi na mitano. Mtambo uliharibika, vipuri vikakosekana, pamba ilikatika, uchaguzi ukaja, na baada yake risasi tena usiku barabarani. Miezi mingine mgao ulikuwa majora sita, mwingine hakukuwa na hata moja. Mara mbili kamati iligombana hadi kushikana mashati, na kila mara mtu alikwenda kumwita Nangobi aje akae juu ya rundo. Jora halikumfanya yeyote tajiri. Lakini mmoja aliezeka nyumba, mwingine alinunua baiskeli ya kubebea matoke, mwingine alimtoa mwanawe kizuizini, na Nambozo alilipa mahari ya kaka yake kisha akalalamika mwaka mzima kuhusu wifi aliyemnunulia.

Zamu ya mwisho ilifika mwaka wa tatu. Bwana Kirunda hakuwa meneja tena. Wizara ilimwondoa ilipopata watu wake, nyumba ya kilimani ikachukuliwa, mkewe akarudi kwao na watoto. Alikuwa amepanga chumba Bugembe, nyuma ya fundi wa baiskeli. Meneja mpya alisema mtu aliyeondoka hana mgao. Asadu, mikono ya buluu mezani, alimjibu kwamba jora hilo si la meneja. Ni la mtu wa mwisho kwenye foleni.

Nangobi alilibeba kichwani. Kando yake alitembea Babirye, aliyekuja likizo kutoka wodi ya watoto Mbale, akitaka kumsaidia na kukataliwa.

Chumba kile kilikuwa na mlango mmoja tu. Bwana Kirunda alitoka na fulana, nywele zimekuwa nyeupe, akaliona jora, akasimama.

"Sikudhani mtafika," alisema.

"Hata sisi, bwana. Kodheyo," Nangobi alimsalimu kwa Kisoga.

Alitazama huku na huku, asijue aweke wapi mikono. Mbele ya mlango palikuwa na maganda ya miwa na vyuma vya baiskeli. Aliuona ufagio ukutani, akaukimbilia, akainama kumsafishia mgeni pa kupita.

Nangobi alimpa Babirye jora alishike. Akasogea, akamnyang'anya ufagio taratibu, akauegemeza ukutani.

"Keti, bwana," alisema. "Hii ni zamu yako."